Tazameni Benchi

Haya, sogeeni karibu. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo ni wanaume arobaini, ishirini kila upande, viatu vyao vina visu chini, wanagombea kisahani cheusi juu ya barafu. Ndio mchezo wa magongo ya barafuni. Tena nawasimulia kabla hawajakutana. Boston Bruins wanakwenda Montreal kucheza na Canadiens, na nikimaliza nataka mjue pa kuelekeza macho mechi ikianza. Nawaambia mapema: msihangaike na kisahani. Tazameni benchi.

Najua mtauliza. Benchi? Kule wanakokaa waliochoka? Ngojeni kwanza.

Tuanze na barafu yenyewe. Uwanja unaitwa Bell Centre, uko katikati ya jiji la Montreal, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Unaingiza watu 21,105, na hakuna timu nyingine ya ligi ya NHL yenye uwanja unaobeba wengi kiasi hicho. Sehemu ya kuchezea ina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Ukiiona kwenye televisheni unaweza kudhani ni ziwa lililoganda, lakini chini yake ni sakafu ya zege iliyopitishiwa mabomba yenye kimiminika baridi sana. Maji humwagwa juu yake kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, mpaka barafu ifikie unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Barafu haina rangi. Wasipoipaka nyeupe, watazamaji wataangalia zege usiku kucha. Mistari myekundu na ya buluu nayo huchorwa humohumo ndani, ikafunikwa kwa maji mengine yakaganda.

Na msidhani barafu ya namna hiyo iko kwa wazungu tu. Nairobi, kwenye Barabara ya Mombasa, Hoteli ya Panari ilifungua kiwanja cha barafu mwaka 2005, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Basi tusikilize kama watu wenye ndugu mchezoni.

Kisahani sasa. Ni mpira mgumu mweusi, unene wake sentimita mbili na nusu, upana wake sentimita saba na ushee, uzito kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mechi hugandishwa, maana kikiwa na joto hudundadunda na kuwaponyoka wachezaji. Kikipigwa na mtu mwenye nguvu za mikono hupita kilomita 150 kwa saa. Zamani makipa walikuwa wanakisubiri kitu hicho nyuso tupu! Mpaka tarehe 1 Novemba 1959, kule New York, kilipompasua uso kipa wa Canadiens, Jacques Plante. Akaingizwa ndani, akashonwa, akasema harudi barafuni bila barakoa. Kocha wake hakupenda barakoa hata kidogo, lakini siku zile timu haikuwa na kipa wa akiba. Plante akarudi na barakoa yake, na Montreal wakashinda. Leo ukimwona kipa bila barakoa ujue anakunywa maji.

Sasa benchi. Kila timu huwa na watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Lakini kuteleza kwa kasi ile hakuna mtu anayekuweza dakika 20 mfululizo. Mchezaji huingia, hukimbia kwa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, hutoka. Anaingia mwingine. Na hapa ndipo magongo ya barafuni yanapoachana na kandanda: refa hasimamishi mchezo ili mtu abadilishwe. Hakuna ubao wa namba, hakuna kupeana mikono pembeni mwa uwanja. Wanabadilishana huku mchezo unaendelea.

Mtazameni mmoja tu mkiweza. Anarudi ameinama, kifua kinapanda na kushuka, jasho linadondoka kwenye kioo cha kofia. Anafika kwenye ukuta mfupi wa benchi. Pale juu ya ukuta mwenzake ameshakaa kitako, mguu mmoja ndani, mmoja nje, gongo mkononi, macho hayamtoki huyo anayekuja. Sheria inasema mwenzake anaweza kuruka pale tu anayetoka anapokuwa amebakiza kama mita moja na nusu kufika benchi, tena asijihusishe na mchezo. Akiruka mapema, timu ina watu wengi kuliko haki yake, na hiyo ni adhabu. Mmoja ataketi kizimbani dakika mbili na wenziwe watacheza pungufu. Jambo hili hufanyika mara nyingi mno katika mechi moja, mbele ya watu elfu ishirini na moja, na karibu wote hawalitazami.

Lishikeni hilo la watu wengi. Nitalirudia, maana kuna kocha lilimgharimu kazi.

Kwa nini mechi hii na si nyingine? Kwa sababu hawa ni watani wa jadi. Simba na Yanga wanagombea jiji moja na wanatukanana kwa lugha moja. Montreal na Boston wametenganishwa na mpaka wa nchi mbili na barabara ya kilomita 500 hivi. Huku Montreal, jiji kubwa la watu wanaozungumza Kifaransa, fulana nyekundu. Huko Boston, mji wa bandari nchini Marekani, fulana nyeusi na rangi ya dhahabu. Canadiens walizaliwa mwaka 1909, kabla ya ligi yenyewe, ambayo iliundwa 1917 katika hoteli moja ya Montreal hiyohiyo. Bruins walikuja 1924, timu ya kwanza ya Marekani kuingia NHL. Desemba ya mwaka huohuo wakakutana kwa mara ya kwanza, kule Boston, na wageni wakashinda 4–3.

Wageni waliipenda tabia hiyo. Kombe la ligi hii, Kombe la Stanley, Canadiens wamelichukua mara 24. Bruins mara sita. Na wakikutana kwenye mtoano ndipo maumivu ya Boston yanapoonekana: hadi mwaka 2014 walikuwa wamekutana hatua hiyo mara 34, Montreal wakashinda 25. Sikilizeni hii. Kuanzia 1946 hadi 1987, walikutana mtoano mara 18, na mara zote 18 Boston walitolewa. Mtoto aliyezaliwa Boston mwaka 1946 alikua, akaoa, akapata watoto, akafikisha miaka 41 hajawahi kuona timu yake ikiwatoa Montreal. Aliona 1988.

Ugomvi wao haukuwa wa mabao tu. Mwezi Machi 1955, kule Boston, mshambuliaji hatari wa Montreal, Maurice Richard, alipigwa gongo kichwani akavuja damu. Akamgeukia aliyempiga, na katika vurugu hiyo akampiga ngumi hata mwamuzi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki za msimu na mtoano mzima. Huyu Richard ndiye mtu wa kwanza kufunga mabao 50 katika msimu mmoja, na kwa watu wa Quebec wanaozungumza Kifaransa alikuwa zaidi ya mchezaji, alikuwa mtu wao katika jiji ambalo mabosi wengi walizungumza Kiingereza. Campbell naye akafanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kumwelewa: Machi 17 akaenda mwenyewe uwanjani Montreal, akakaa kwenye kiti chake mbele ya watu. Wakamrushia mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka ukumbini, mechi ikavunjika, na ghasia zikamwagika mtaani wakavunja madirisha na maduka. Kesho yake Richard akaenda redioni kuwaomba watu watulie.

Lakini katika hadithi zote za timu hizi mbili, iko moja ninayotaka muibebe hata kama mtasahau nyingine. Tarehe 18 Januari 1958, Boston walikwenda Montreal na kijana wa miaka 22 kutoka Fredericton, mji wa jimbo la New Brunswick huko Kanada. Jina lake Willie O'Ree. Usiku ule akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, na Boston wakashinda 3–0. Kwa hiyo mlango huo ulifunguliwa katika mechi kama hii hii, Boston wakiwa ugenini Montreal.

Sasa siri yake. Jicho la kulia la O'Ree lilikuwa halioni. Miaka michache kabla, kisahani kilimpiga usoni, na daktari akamwambia asahau mchezo. Yeye akanyamaza, akaendelea kucheza, akaificha habari hiyo timu zake zisiijue. Fikirini mambo yalivyokuwa. Alikuwa winga wa kushoto. Winga wa kushoto akishambulia, ukuta uko kushoto kwake, na wenzake, maadui wake na kisahani vyote vinatoka kulia. Vinatoka upande wa jicho bovu! Ilimbidi ageuze shingo yote apate kuona pasi inayokuja, na huku kuna beki anamjia wa kumbamiza ukutani. Akacheza hivyo mechi 45 katika ligi ngumu kuliko zote duniani. Bao lake la kwanza alilifunga tarehe 1 Januari 1961, Boston, dhidi ya nani? Montreal, na mechi ikaisha 3–2 kwa Boston. Namba yake 22 imetundikwa juu ya uwanja wa Boston tangu Januari 2022, na hakuna Bruin mwingine atakayeivaa.

Turudi benchi. Usiku wa tarehe 10 Mei 1979, Montreal, mechi ya saba ya nusu fainali. Kila timu ilikuwa imeshinda tatu. Atakayeshinda usiku ule anakwenda fainali, atakayeshindwa anakwenda nyumbani. Kocha wa Boston alikuwa Don Cherry, mtu wa suti za kupendeza na maneno mengi. Montreal walikuwa na Guy Lafleur, nywele zikipepea nyuma, maana hakuvaa kofia ngumu. Cherry akampa mchezaji wake Don Marcotte kazi moja tu: Lafleur akiingia, na wewe ingia, Lafleur akitoka, na wewe toka. Mgande.

Boston wakaongoza 3–1. Montreal wakasawazisha, 3–3. Zikiwa zimebaki dakika nne hivi, Rick Middleton akawafungia Boston la nne. Dakika nne tu, baada ya miaka 33 ya kutolewa! Kilichotakiwa ni kutulia.

Zikabaki dakika mbili na sekunde 34. Mwamuzi wa mistari akanyanyua mkono. Boston walikuwa na mtu wa ziada barafuni.

Alitoka wapi? Ndiyo hiyo kazi ya kumganda Lafleur. Lafleur alikuwa anabaki barafuni zaidi ya zamu yake, na mtu wa kumganda anabaki naye, na mtu wa kuchukua nafasi ya huyo hajui kama aingie au asubiri. Kelele ni nyingi, kocha hasikiki, mtu akaruka ukuta. Cherry hakumtaja mchezaji aliyeruka. Akasema kosa ni lake yeye, kocha. Kwa hilo namheshimu.

Boston wakabaki wanne mbele ya kipa, Montreal watano. Ikiwa imebaki dakika moja na sekunde 14, Lafleur akashuka upande wa kulia, Jacques Lemaire akamrudishia kisahani, naye akakipiga bila kukituliza. Kikatambaa chini chini, kikampita kipa Gilles Gilbert, nguzo ya mbali, wavuni. Nne kwa nne. Katika muda wa nyongeza Yvon Lambert akamaliza kazi, 5–4. Montreal wakaenda fainali wakalichukua kombe, la nne mfululizo. Cherry hakuifundisha Boston tena.

Mmeona sasa kwa nini nawaambia mtazame benchi?

Haya, mechi inayokuja. Kuna mambo ya benchi ambayo mwenyeji anayafaidi na mgeni hana. Mchezo ukisimama, kabla refa hajadondosha kisahani tena, timu zinaruhusiwa kubadilisha watu, lakini mgeni hubadilisha kwanza. Mwenyeji anasubiri, anaona nani kaingia, ndipo anachagua wake. Kwa hiyo Montreal, kocha wa Canadiens, Martin St. Louis, ndiye mwenye neno la mwisho. David Pastrňák wa Boston akiruka ukuta, St. Louis atakuwa na sekunde chache za kuamua nani akamkabe. Pastrňák ni mfungaji wa kutisha. Boston wanapocheza na watu wengi kuliko wapinzani, yeye hupenda kusimama kwenye duara la kushoto, gongo limenyanyuliwa tayari, anangoja pasi akipige palepale. Cha kuchekesha ni kwamba Montreal wana Cole Caufield, mfupi kuliko karibu wote uwanjani, naye hupenda duara lilelile upande wao. Refa akimtoa mtu wa Boston, mtafuteni Caufield hapo. Akimtoa mtu wa Montreal, mtafuteni Pastrňák.

Wengine wa kuwatazama, kama hawajaumia: Nick Suzuki, nahodha wa Montreal, si mtu wa makeke, ila mara nyingi pasi ya bao ina mkono wake. Lane Hutson, beki mdogo wa umbo, aliyechaguliwa chipukizi bora wa ligi mwaka 2025. Mtazameni miguu, anavyomdanganya mtu kwa mabega kwanza. Upande wa Boston, beki Charlie McAvoy, akikubamiza unasikia, na kipa Jeremy Swayman. Nasema wazi kwamba kipa akiamka vizuri, haya yote niliyowaambia ya benchi yanaweza kuwa bure.

Kipindi cha pili wengi huenda kununua chakula. Ninyi msiende. Timu hubadilishana magoli lakini mabenchi hayahami. Katika kipindi cha kwanza na cha tatu, beki akichoka benchi liko karibu na goli analolinda. Katika cha pili liko mbali, upande wanakoshambulia. Beki aliyechoka akinaswa nyuma hana njia ya kutoka, na mabao huja humo. Tena kuna mtego mwingine. Beki aliyebanwa akikipiga kisahani kutoka upande wake wa uwanja hadi mwisho wa upande wa pili, na adui akaonekana ndiye atakayewahi kukifikia, mchezo husimama, kisahani kinarudishwa karibu na goli lake, na timu yake hairuhusiwi kubadilisha mtu. Walewale waliochoka wanabaki. Wapinzani wanaleta wenye pumzi mpya. Mkiona hivyo, acheni kila kitu mtazame. Sekunde 20 zinazofuata ni za hatari.

Na mwishoni, kama timu inafungwa bao moja, mtaona kipa anaacha goli tupu anakimbilia benchi. Hajaumia wala hajakasirika. Anampisha mshambuliaji wa sita. Goli liko wazi kabisa, kisahani kikiponyoka ni bao, lakini wanaona afadhali kufungwa mawili kuliko kutojaribu. Wakisawazisha, wataongezewa dakika tano za watu watatu kwa watatu, na barafu ile itaonekana kubwa ghafla. Anayeshindwa humo bado hupata pointi moja, mshindi mbili.

Mimi nawapa Montreal, 4–3, muda wa nyongeza. Nikikosea mje mnicheke, sitajificha.

Mechi nyingi za Montreal huanza saa moja jioni kwao. Wakati wa baridi yao, sisi Afrika Mashariki tunakuwa tumewatangulia kwa saa nane, kwa hiyo kwetu ni saa tisa usiku. Wanapenda sana kucheza Jumamosi, kwa hiyo kwetu itakuwa Jumapili alfajiri na shule hakuna, lakini ruhusa kamwombeni mama yenu, mimi msinitie humo.